Matunda hupunguza unene, tatizo ni namna ya kuyatumia

WAKAZI wengi wa mijini wanaotaka kupunguza unene huanzia kwenye matunda. Chakula cha mchana huachwa, na badala yake hununuliwa papai, nanasi na tikiti maji vilivyokatwakatwa na kufungwa kwenye mfuko. Uamuzi huo una msingi wa kitaalamu, ingawa wapo wanaoutekeleza kwa namna inayowanyima faida waliyoitarajia, na wengine inayowadhuru.

Nguvu ya tunda katika kupunguza uzito imo kwenye maji na nyuzinyuzi zake. Gramu 100 za tikiti maji zina takriban kalori 30, papai 43 na embe 60. Chipsi za kukaanga kwa kiasi hicho hicho hufikia kalori 300. Hivyo, mtu anaweza kula nusu kilo nzima ya papai, tumbo likajaa, na bado akawa amepata kalori chache kuliko zilizomo katika gramu 100 tu za chipsi. Nyuzinyuzi nazo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, na njaa hukawia kurudi.

Lakini faida hiyo hutegemea meno. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu wazima 58, ambao kabla ya mlo wa mchana walipewa, kwa siku tofauti, vipande vya tufaha, tufaha lililopondwa au juisi yake, vyote vikiwa na kalori sawa. Siku walipotafuna tufaha, kalori walizokula, pamoja na za tunda lenyewe, zilipungua kwa asilimia 15 zikilinganishwa na siku ambayo hawakutanguliza kitu. Juisi haikufua dafu, hata ile iliyoongezwa nyuzinyuzi.

Sababu si ngumu kuielewa. Glasi moja ya juisi halisi ya machungwa huhitaji machungwa matatu hivi, na hubeba sukari ya takriban vijiko vitano vya chai. Ni nadra mtu kukaa chini akamenya machungwa matatu kwa mkupuo, lakini glasi huisha kwa dakika moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2015 unaiweka sukari ya juisi, hata isiyoongezwa kitu, katika kundi moja na sukari ya kuweka kwenye chai. Anayeshushia sahani ya wali kwa juisi "kwa ajili ya afya" anaongeza uzito, hapunguzi.

Wapo pia wanaokula matunda matupu kwa wiki kadhaa. Mizani hushuka haraka na kuwapa moyo, ila sehemu kubwa ya kinachopotea mwanzoni ni maji, kisha misuli hufuata kwa kukosa protini. Mtu mwenye kilo 80 huhitaji takriban gramu 64 za protini kwa siku. Akitaka kuzipata kwenye papai pekee, itambidi ale zaidi ya kilo 12. Misuli ikipungua, mwili hutumia nishati kidogo zaidi, na mtu akirudia milo yake ya zamani, uzito hurejea.

Kinachofaa ni tunda kuchukua nafasi ya kitu kingine: andazi la asubuhi, soda ya mchana au kijiko cha pili cha wali. Samaki, maharage na mayai hubaki kwenye sahani. Parachichi na tende, licha ya ubora wake, zina kalori nyingi na huliwa kwa kiasi.

Wagonjwa wa kisukari na wa figo wanapaswa kumwona daktari kabla ya kuongeza matunda kwa wingi. Wanaotumia dawa za kupunguza lehemu, hususan simvastatin, wajihadhari na balungi, kwani huzuia mwili kuivunja dawa hiyo na kuifanya izidi kwenye damu.