Upepo Tele Saa Nane za Usiku

Saa nane za usiku Kenya huwa imelala. Maduka yamefungwa, majiko na pasi zimezimwa, viwanda vingi vimebaki na bawabu na taa ya getini, na mahitaji ya stima ya nchi nzima yameshuka hadi karibu nusu ya yale ya saa mbili usiku. Saa hizo hizo, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, upepo unavuma kwa nguvu isiyoonekana mchana. Mitambo 365 iliyosimikwa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, ina uwezo wa kuzalisha megawati 310. Kuna usiku mwingi inaamriwa ipunguze, kwa sababu hakuna wa kuutumia umeme huo.

Tunapozungumzia kupanua umeme wa upepo, kwa kawaida tunahesabu minara: imesimama mingapi, mingine mingapi inakuja. Hesabu hiyo inapendeza kwenye hotuba, lakini inaficha mambo. Kenya haijawahi kukosa upepo. Ilichokosa ni njia ya kuusafirisha umeme kwa wakati, kazi ya kuupa usiku, na mkataba usiomwumiza mlipaji siku ambayo hautumiki.

Tuanze na upepo wenyewe, maana wa Loiyangalani si wa kawaida. Wakazi wa Pwani wanaijua kusi na kaskazi, pepo za msimu zilizokuwa zikileta na kurudisha majahazi. Hewa hiyo inayotoka Bahari ya Hindi ikiingia bara hukuta kuta mbili: nyanda za juu za Ethiopia upande wa kaskazini na nyanda za juu za Afrika Mashariki upande wa kusini. Katikati kuna bonde la Turkana, nako hewa yote inabanwa na kuongeza kasi. Mwaka 1982 wanasayansi J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha maelezo ya mkondo huo wa hewa, ambao hadi leo wataalamu wa hali ya hewa wanauita mkondo wa Turkana. Unatoka kusini-mashariki karibu mwaka mzima. Mchana jua huipasha ardhi moto, hewa ya chini huchemka na kupanda, na vurugu hiyo huupunguza kasi. Usiku ardhi ikipoa, hewa ya chini hutulia, na mkondo huteleza juu yake bila kizuizi.

Kwa nini kasi ina maana kubwa hivyo? Nishati iliyomo ndani ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake, bali huongezeka kwa kasi hiyo ikizidishwa yenyewe mara tatu. Upepo wa mita 11 kwa sekunde, ambao ndio wastani wa Loiyangalani, una nguvu mara nane ya upepo wa mita tano na nusu. Ndiyo maana mtafiti makini hupima upepo wa eneo kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuchimba msingi hata mmoja: ukikosea kasi kidogo, umekosea hesabu ya fedha vibaya sana. Mtambo nao haunyonyi nishati yote. Mjerumani Albert Betz alionyesha karne moja iliyopita kwamba hata mapangaboi yaliyotengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu hayawezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3, kwani yakichukua yote hewa itasimama nyuma yake na kuziba njia ya inayofuata.

Aliyezoea picha za mitambo mikubwa ya Ulaya atashangaa kuona ya Loiyangalani ilivyo midogo. Mnara una mita 44, kila pangaboi lina mita 25 hivi, na mtambo mmoja unatoa kilowati 850. Miongoni mwa mitambo ya vilima vya Ngong, inayomilikiwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, imo ya aina hiyo hiyo. Sababu ya udogo huo ni barabara. Vipande vyote vilishushwa Mombasa, vikabebwa na malori umbali wa takriban kilomita 1,200, na kilomita 208 za mwisho kutoka Laisamis zilibidi zitengenezwe upya ndipo zipitike. Pangaboi la mita 60 lisingepinda kwenye kona zile.

Barabara ilipatikana. Laini ya umeme ndiyo iliyoleta aibu.

Kutoka Loiyangalani hadi kituo cha Suswa, karibu na Narok, ni takriban kilomita 430. Mwenye mitambo aliahidi kuzalisha, serikali ikaahidi kujenga laini ya msongo mkubwa. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Laini haikuwa tayari, kwa sababu kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi, Isolux Corsán, ilifilisika njiani, na ikabidi Wachina waje kuimalizia. Umeme ulianza kusafiri Septemba 2018. Katika muda huo wote mapangaboi yalisimama jangwani na mkataba wa kununua umeme ulikuwa unahesabu. Serikali ililazimika kulipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukufika popote. Kosa lenyewe ni la kawaida kwa nchi zinazoanza: minara hujengwa na mtu mmoja, laini na mwingine, na hakuna anayebeba hasara ya kuchelewa kwa mwenzake isipokuwa mwananchi.

Laini ikishapatikana, inabaki kuilinda gridi yenyewe. Umeme wa gridi hauwekwi stoo. Kila sekunde, kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, na kipimo cha ulinganifu huo ni mapigo ya mkondo, ambayo Kenya na Tanzania ni 50 kwa sekunde. Boda boda iliyobeba magunia mawili ikianza mlima bila dereva kuongeza mafuta, mwendo hushuka. Ndivyo mapigo yanavyoshuka chanzo kikubwa kinapotoka ghafla kwenye gridi. Yakishuka mno, mitambo mingine hujizima yenyewe ili isiharibike, na kila unaojizima huiongezea mzigo iliyobaki. Mitambo ya maji na ya jotoardhi ina rota nzito za chuma zinazoendelea kuzunguka kwa muda na kupunguza makali ya anguko hilo. Mitambo ya upepo huunganishwa kupitia vifaa vya elektroniki, hivyo uzito wa mapangaboi yake hausaidii moja kwa moja.

Wakenya walilipata somo hili gizani. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, karibu saa nne kasorobo usiku, stima ilipotea nchini kote, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa Loiyangalani. Wenye mitambo wakajibu kwamba msongo wa gridi ulipanda kupita kiasi, mitambo ikalazimika kujitoa. Wakati huo ilikuwa ikizalisha megawati 270, karibu asilimia 15 ya umeme wote wa nchi. Sitaingia kwenye ugomvi wa nani alianza, ila kitaalamu madai yote mawili yanaweza kukaa pamoja: msongo ukipanda mno mitambo hujitoa, na ikishajitoa gridi hukosa umeme wake. Tarehe 6 Septemba 2024 ilikuwa laini yenyewe iliyokatika pale Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Mara, laini inayoleta umeme kutoka Ethiopia nayo ikatoka na megawati 200 nyingine. Zaidi ya robo ya mahitaji ya nchi ilitoweka kwa mpigo, na gridi ikaanguka.

Kuna watu wamehitimisha kwamba upepo ni chanzo kisichoaminika. Siafiki. Chanzo chochote kinachobeba zaidi ya sehemu ya saba ya gridi kupitia laini moja kitaiangusha siku laini hiyo ikikatika, kiwe upepo, maji au mvuke. Dawa ni njia ya pili na akiba inayoitika ndani ya sekunde chache.

Sasa mfukoni. Fungua ujumbe wa tokeni kwenye simu yako. Chini ya idadi ya uniti kuna mistari midogo ambayo wengi hatuisomi: tozo ya mafuta, tozo ya fedha za kigeni, ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati), ya umeme vijijini, kodi ya VAT. Mstari wa fedha za kigeni una uhusiano na Loiyangalani, ingawa si Loiyangalani peke yake. Mkataba wake wa miaka 20 wa kununua umeme uliwekwa kwa bei ya senti 7.52 za euro kwa uniti. Mwaka 2019 euro moja ilikuwa kama Sh115, kwa hiyo uniti ilisimama kwenye Sh8.60 hivi. Mwanzoni mwa 2024 euro ilipopita Sh170, uniti ile ile, kutoka upepo ule ule usionunuliwa ng'ambo, ilikaribia Sh13. Bado ni nafuu kuliko ya dizeli. Lakini mkopo wa mitambo ulikuwa wa fedha za kigeni, na hatari ya shilingi kushuka ikaachiwa mnunuzi.

Kipengele kizito zaidi ni kile cha kulipa upende usipende. Kenya Power ikiiamuru mitambo ipunguze, hata uniti ambazo zingezalishwa huhesabiwa. Benki ya Dunia ililiona hilo mapema. Mwaka 2012 ilijitoa kwenye dhamana ya mradi, ikihofia kwamba mahitaji hayatatosha na Kenya Power italipia umeme usiotumika. Wengi walidhani inaibania nchi. Mwaka 2021 rais aliunda jopo chini ya John Ngumi kuchunguza mikataba ya kununua umeme, na maswali yaliyoulizwa pale yalikuwa yale yale ya 2012.

Wenyeji nao wana hesabu zao. Mitambo iko kwenye ardhi ya ekari 150,000 ambayo wafugaji waliitumia kwa pamoja, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati zake zilipatikana kinyume cha sheria. Nyaya zinapita juu ya manyatta zisizo na taa. Mfugaji akiuliza kwa nini asivutiwe waya mmoja, jibu la kiufundi lipo: msongo wa kilovolti 220 hauwezi kushushwa hadi volti 240 za nyumbani bila kituo kikubwa cha transfoma, na kituo hicho ni ghali. Ni jibu la kweli, ila halimtoshi mtu ambaye ardhi yake imeuwasha mji wa Nairobi. Kule Kinangop, Nyandarua, mradi wa megawati 60 ulizikwa mwaka 2016 baada ya wakulima kuandamana kwa hofu ya ardhi, na pamoja nayo uvumi wa maradhi.

Kuhusu maradhi, sayansi ina la kusema. Utafiti haujaonyesha kwamba mitambo ya upepo inasababisha utasa au saratani. Kinacholeta madhara ni kelele kwa anayelala karibu mno, kwa kuwa usingizi unaokatika huchosha mwili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Ulaya, lilipendekeza kelele ya mitambo hiyo isizidi wastani wa desibeli 45. Umbali kati ya mnara na nyumba ndio suala, na unaweza kujadiliwa mezani kabla ya msingi kuchimbwa.

Kipeto, Kajiado, walijifunza. Mradi huo wa megawati 100, ulioanza kazi mwaka 2021, unakodi ardhi kwa wenyewe na jamii ina hisa asilimia 5. Pia uko karibu na makazi ya tumbusi walio hatarini kutoweka. Basi kuna vijana wanaokaa na darubini kutwa nzima. Wakimwona tumbusi anaelekea kwenye mapangaboi, wanaita, na mtambo unasimamishwa hadi ndege apite. Mizoga nayo huondolewa eneo hilo ili ndege wasivutwe kushuka.

Turudi kwenye usiku, kwani huko ndiko upanuzi utakapoamuliwa. Mahitaji ya juu ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, lakini yale ya usiku wa manane hayajakua kwa mwendo huo. Upepo ukijaa, kwenye mitambo ya jotoardhi ya Olkaria mvuke huachiwa upotelee hewani. Njia ya kwanza, na ya bei nafuu, ni mabwawa ya mto Tana: maji yakizuiwa Masinga wakati upepo unavuma, yatafunguliwa saa moja jioni watu wanapowasha taa. Ya pili ni majirani. Laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida iliwashwa mwishoni mwa 2024, ingawa Tanzania yenyewe sasa ina maji mengi ya Bwawa la Nyerere, na upepo wake bado ni mchanga. Mitambo ya Mwenga kule Mufindi ni ya megawati 2.4 tu. Betri kubwa za kuhifadhi umeme wa gridi nazo zimo kwenye mipango ya KenGen.

Njia ya tatu ni kuwapa watu sababu ya kutumia stima usiku. Tangu Desemba 2017 viwanda vinavyoongeza kazi usiku hupunguziwa bei kwa nusu. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei ya vyombo vya moto vya umeme: Sh16 kwa uniti kabla ya tozo, na Sh8 usiku. Piga hesabu. Tuseme mitambo ya Loiyangalani imezuiwa megawati 50 kwa saa sita. Hizo ni uniti 300,000, zinazotosha kujaza betri laki moja za boda boda zenye uniti tatu kila moja. Bei hiyo nafuu ya usiku inamfikia mwenye kituo cha betri aliye na mita yake maalumu. Dereva anayechajia nyumbani Kayole, Nairobi, kwa mita ya kawaida analipa bei ile ile, achaji saa mbili ama saa nane, na hapo ndipo EPRA ingeanzia.