Kisicho na Moshi Nacho Kipimwe

Msafiri atokaye Dodoma kwa basi akielekea Singida, akiisha kuipita Bahi na mashamba yake ya mpunga, hufika Kintinku, mji mdogo wa Wilaya ya Manyoni uliokaa ndani ya Bonde la Ufa, penye stesheni ya Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912. Basi likisimama, wachuuzi hulikimbilia madirishani kwa mayai ya kuchemsha, karanga na maji, na miongoni mwao hakosekani kijana mwenye boksi la kadibodi lililopangwa pipi, bigijii, viberiti na pakiti ya sigara iliyokwisha kufunguliwa. Abiria hanunui pakiti. Hununua moja, au mbili akiwa nazo, akavuta upesi kabla dereva hajapiga honi. Onyo lililochapwa juu ya pakiti kwa amri ya sheria limebaki mkononi mwa mchuuzi, na yule liliyeandikiwa hakuliona.

Lakini katika nchi ya Wagogo sigara ni mgeni mbele ya ugoro. Mzee aliyeketi kivulini hutoa kikopo mfukoni, akakigonga kwa ukucha ili unga ushuke, akatwaa kidogo baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, akaunusa. Wengine huutia chini ya mdomo. Ugoro huo husagwa majumbani na kuchanganywa na magadi, na magadi hayo hayakutiwa kwa ladha tu, kwani ndiyo yanayoifanya nikotini ipenye kwa wepesi zaidi katika utando wa pua na wa kinywa. Ukimwuliza mwenyewe kwa adabu, “Babu, hii haina madhara?” atakujibu kuwa haina moshi, haimkohozi mtu, na kwamba baba yake aliinusa hata akafa mzee sana.

Jibu la babu ni sawasawa na hoja itolewayo leo na matajiri wa tumbaku wa dunia nzima, wanaouza sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Wala haifai kuibeza hoja hiyo kwa sababu tu ya kinywa kinachoisema. Wako wanazuoni wa tiba wasiokuwa na hisa katika kiwanda chochote ambao tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakisema kuwa nikotini ndiyo inayomfunga mvutaji asiache, ilhali kinachomwua zaidi ni lami na hewa ya sumu vitokanavyo na kuungua kwa jani. Kwa hiyo aliyeshindwa kabisa kuacha apewe nikotini pasipo moto. Sweden ndiyo shahidi wao mkubwa: huko wanaume wengi hutumia snusi, tumbaku yenye unyevu iwekwayo chini ya mdomo wa juu, na vifo vya saratani ya mapafu miongoni mwao ni vichache kuliko katika nchi nyingi za Ulaya. Uingereza nayo ilitangaza mwaka 2023 mpango wa kuwagawia wavutaji sigara za kielektroniki ili waachane na zile za moshi.

Walakini snusi ya Sweden hupikwa kiwandani kwa mvuke, ikahifadhiwa katika ubaridi, na sumu zake zikawekewa kiwango kisichoruhusiwa kupitwa. Ugoro wa kikopo hausimamiwi na yeyote ila mwenye kinu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekwisha kukata shauri kuwa tumbaku isiyovutwa nayo husababisha saratani ya kinywa. Kutokuwa na moshi, basi, ni jambo la heri kwa mapafu, lakini si hati ya usalama, na sheria yenye insafu sharti ipime kila kitu kwa kilichomo ndani yake.

Sheria yetu ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ilitungwa mwaka 2003, mwaka uleule ambao Hon Lik, mfamasia wa Kichina, alibuni sigara ya kielektroniki ya namna tuijuayo sasa; haikuwa na sababu ya kuiwaza. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na mwaka 2021 kazi ya usimamizi ikakabidhiwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima wakitumia tumbaku, wanaume asilimia 14.6 na wanawake 3.2. Na Mkataba huo, ambao wengi huudhania kuwa ni wa marufuku matupu, katika kifungu chake cha kwanza umehesabu kupunguza madhara kuwa sehemu ya udhibiti wenyewe.

Majirani wametutangulia kwa njia mbili zisizofanana. Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2015 ilipiga marufuku sigara za kielektroniki, shisha na tumbaku isiyovutwa, ikaiacha sigara ya kawaida dukani kwa kila aliyetimiza miaka 21. Nami naona mizani hiyo imepinduka, maadamu kilicho kiuaji zaidi ndicho kilichobaki halali. Kenya iliacha mlango wazi. Vifuko vya Lyft viliingia mwaka 2019, vikasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu kana kwamba ni dawa, vikauzwa madukani pasipo daktari wala mgonjwa, hata Oktoba 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akasema kuwa usajili ule ulikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 2024 Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada wa kuziba pengo hilo. Miaka kadhaa ilipita baina ya bidhaa na mswada, na katika miaka hiyo vijana hawakungoja.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda Sweden wala Nairobi kutafuta mfano, kwa kuwa tunao nyumbani. Tangu mwaka 2011 Muhimbili imekuwa ikiwapa methadoni watumiaji wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika hata Itega, Dodoma. Dozi hupimwa, mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, jina lake huandikwa. Wala hakuna bango la barabarani lenye msichana mzuri akiisifu. Hivyo ndivyo serikali ipunguzavyo madhara ikiwa imekusudia hasa. Mabandiko na bigijii za nikotini za kumsaidia mvutaji kuacha yaliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Tafuta katika maduka ya dawa ya miji yetu midogo uone kama utapewa, seuze zahanati ya kijijini.

Najua wako wakulima, wa Urambo, Kaliua na Sikonge, ambao tumbaku ndiyo ada ya shule ya watoto wao, na hazina ya nchi nayo hula humo. Hilo ni sababu ya kuwatafutia mazao mengine kwa uangalifu, kama Mkataba unavyoagiza, si sababu ya kumkaribisha mwenye kiwanda aketi mezani sheria inapoandikwa.

Kwa hiyo nawaomba Waheshimiwa wa Bunge, siku watakapoishika tena sheria ya mwaka 2003, waitaje nikotini kwa jina lake, itoke katika jani au katika maabara. Wafunge matangazo na ladha za matunda zinazowavuta watoto. Waamuru ugoro upimwe. Na dawa za kuachia tumbaku zifike Kintinku kabla ya vifuko vya mfanyabiashara.