Mwajiri Anapochunguza Tuhuma: Mipaka Aliyowekewa na Sheria

Nchini Tanzania, mwajiri anayemwachisha mtu kazi hutakiwa kuwa na mambo mawili: sababu halali na utaratibu wa haki. Ndivyo inavyoagiza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinafafanua kuwa utaratibu huo huanza na uchunguzi.

Tuseme mifuko 40 ya saruji imepungua stoo. Kazi ya uchunguzi si kumtafutia mtunza stoo hatia, bali kujua kama yapo mambo ya kutosha kumwita kwenye kikao cha nidhamu. Leja hulinganishwa na hati za kupokelea na kutolea mzigo, mlinzi wa getini huulizwa magari yaliyotoka, na maelezo ya mashahidi huandikwa. Tuhuma ikiwa nzito, mwajiri anaweza kumsimamisha mtuhumiwa kupisha uchunguzi, lakini kwa mshahara kamili.

Kutafuta ushahidi nako kuna mipaka. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia bila ruhusa katika mfumo wa kompyuta au kunasa mawasiliano, na cheo cha umeneja peke yake si ruhusa ya kupekua simu ya mfanyakazi. Picha za kamera na kumbukumbu nyingine za wafanyakazi zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: taarifa zikusanywe kihalali, kwa lengo linalojulikana, na zisizidi zinazohitajika.

Uchunguzi ukionyesha kuna la kujibu, mfanyakazi hupewa tuhuma zake kwa lugha anayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Ripoti ya uchunguzi inayotegemewa dhidi yake naye aione, kwani hawezi kujibu asichokijua. Kikaoni anaweza kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kuwahoji mashahidi na kuleta wake. Mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio lenyewe.

Mwajiri halazimiki kuthibitisha kosa kwa kiwango cha kesi ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi lilitendeka kuliko kutotendeka. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Mfanyakazi asiyeridhika na kuachishwa hupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Huko mwajiri ataulizwa kama saruji iliibwa kweli, na pia alijuaje. Akishindwa kulijibu swali hilo la pili, kesi yake huyumba hata kama la kwanza analo jibu.