Kwotabeki wa Timu Tisa

Tarehe 27 Novemba 2005, St. Louis Rams walikuwa Houston bila kwotabeki wao wa kwanza, Marc Bulger, aliyekuwa majeruhi. Mechi ilipoanza, aliyeshika nafasi yake, Jamie Martin, naye akaumia. Kwenye benchi alibaki Ryan Fitzpatrick, kijana aliyesomea uchumi Harvard na ambaye miezi michache nyuma alikuwa jina la 250 kati ya 255 yaliyoitwa siku timu zilipochagua wachezaji wapya. Hakuwa amewahi kucheza mechi ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani. Mapumziko yalifika Rams wakiwa nyuma 24-3. Filimbi ya mwisho ikawakuta wameshinda 33-27 katika muda wa nyongeza, Fitzpatrick akiwa amerusha pasi zenye jumla ya yadi 310, tatu kati yake zikiwa za mabao.

Alidumu katika ligi hiyo kwa misimu 17, ila si mahali pamoja. Baada ya Rams alikwenda Cincinnati, Buffalo, Tennessee, Houston, New York Jets, Tampa Bay, Miami na Washington. Katika timu zote tisa alianza mechi akiwa kwotabeki, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya kabla yake.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza. Ana sekunde tatu hivi za kuamua: amrushie nani, amkabidhi mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe kabla hajaangushwa na mtu wa kilo 120. Akimfikishia mwenzake aliye ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, hilo ni bao la pointi sita. Ligi ina timu 32, na kila timu humtumia mmoja tu kwa wakati. Kwa hiyo kuna nafasi 32 za kazi hii katika ligi nzima, na makocha wengi watakuambia kwamba hata hizo hazijazwi zote na watu wanaoiweza sawasawa.

Ugumu wenyewe hauko mkononi. Uko kichwani. Kati ya shambulizi na shambulizi, kocha humsemesha kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya kofia yake, na redio hiyo hukatika saa ya kuhesabia mchezo ikibakiza sekunde 15. Katika muda huo mfupi kwotabeki anapaswa kupokea agizo refu linalosema kila mtu asimame wapi, walinzi wazuie vipi, kila mpokeaji akate kona gani, na mpango ubadilishwe kuwa upi endapo wapinzani watajipanga tofauti. Halafu anawakariria wenzake kumi bila kukosea.

Na kila kocha ana msamiati wake. Mfumo uliotokana na kazi ya kocha Don Coryell huzipa njia za wapokeaji tarakimu. Ule wa kocha Bill Walsh huzipa majina. Mchezaji anayehama timu anaweza kukuta mchezo uleule alioucheza miaka mitano ukiitwa kwa maneno asiyoyajua kabisa. Anakabidhiwa kitabu cha mbinu chenye mamia ya kurasa na kutakiwa akimudu, wakati mwingine kwa siku chache.

Hapa ndipo wahamaji hawa hujengea heshima yao. Mwaka 2018 kwotabeki Josh Johnson alisajiliwa na Washington mwezi Desemba, msimu ukiwa unaishia, na akasema wazi kwamba alitumia mchezo wa video wa Madden ili ajue majina ya wenzake. Muda mfupi baadaye aliiongoza timu hiyo kushinda ugenini Jacksonville. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kama kwotabeki aliyeanza mechi, miaka kumi tangu aingie NFL. Johnson amepita timu 14 za ligi hiyo, rekodi, na kila simu aliyopigiwa imetokana na imani moja: huyu atajifunza upesi.

Soko nalo linawahitaji. Timu inayomchagua kwotabeki chipukizi humfunga kwa mkataba nafuu wa miaka minne na mara nyingi humtafutia mzoefu wa kushika zamu mpaka kijana aive. Mzoefu huyo hulipwa vizuri kwa vipimo vya mtu wa kawaida, lakini mkataba wake ni mfupi na hauna kinga kubwa. Hata mkataba mrefu si kinga: mwaka 2011 Fitzpatrick alimwaga wino Buffalo kwa miaka sita, dola milioni 59, baada ya timu kuanza msimu kwa kishindo na kuifunga New England 34-31. Mambo yakaharibika, na Machi 2013 akatemwa. Sehemu kubwa ya fedha zile hakuiona.

Kilichombeba baadaye kilikuwa mtu. Chan Gailey, aliyekuwa kocha wake mkuu Buffalo, alikuwa akisimamia mashambulizi ya Jets mwaka 2015. Fitzpatrick alipelekwa huko awe wa akiba, lakini mwezi Agosti kwotabeki aliyetarajiwa kuanza, Geno Smith, alivunjwa taya na mchezaji mwenzake katika ugomvi wa dola 600. Kitabu cha Gailey kilikuwa tayari kichwani mwa Fitzpatrick. Msimu ule alirusha pasi 31 za mabao, idadi ambayo hakuna kwotabeki wa Jets aliyekuwa ameifikia. Miaka mitano baadaye Gailey akasimamia mashambulizi ya Miami, na Fitzpatrick alikuwa huko pia. Ukitaka kuelewa safari za wachezaji wa aina hii, fuata makocha kwanza.

Lakini mechi ya mwisho ya msimu huohuo wa Jets ndiyo inayouma. Ushindi ungewapeleka mtoano. Walicheza Buffalo, na katika robo ya nne pasi tatu za Fitzpatrick zilinaswa na wapinzani. Walifungwa 22-17. Katika misimu yote 17 hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano.

Ujasiri uliomponza siku ile ndio uliomfanya apendwe. Mwaka 2018, akiwa Tampa Bay, alikuwa wa kwanza katika historia ya ligi kupita yadi 400 katika mechi tatu mfululizo. Desemba 2020 aliingia katika robo ya nne dhidi ya Raiders huko Las Vegas, na sekunde za mwisho zikawakuta Miami wakiwa nyuma kwa pointi mbili. Beki alimshika wavu wa kofia na kumgeuza shingo, na yeye akaachia pasi ya yadi 34 bila kuona inakokwenda. Mack Hollins akaidaka, na Miami wakashinda 26-25. Alistaafu mwaka 2022, baada ya nyonga kuumia katika mechi yake ya kwanza na ya mwisho kwa Washington. Rekodi yake ina pasi 223 za mabao na 169 zilizonaswa. Mtu mwenye hofu ya namba ya pili asingeipata ya kwanza.

Kwotabeki mwingine mhamaji, Josh McCown, aliubeba uzoefu wake hadi kwenye ukocha. Aliingia ligi mwaka 2002, akazunguka timu nyingi, na kuna kipindi alifundisha timu ya shule ya sekondari North Carolina kabla Chicago hawajamwita tena. Mwaka 2013 aliwarushia pasi 13 za mabao huku moja tu ikinaswa. Alicheza mtoano kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 40, kwa Philadelphia, akamaliza mechi msuli wa paja ukiwa umechanika.

Mwaka 2018 McCown alikuwa Jets, akimwelekeza chipukizi Sam Darnold. Kijana huyo aliporomoka, akahama mara mbili, na mwaka 2024 akatua Minnesota, timu yake ya nne, ambako kocha wa makwotabeki alikuwa McCown yuleyule. Darnold alirusha yadi 4,319 na pasi 35 za mabao, timu ikashinda mechi 14 kati ya 17. Machi 2025 Seattle walimpa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 100.5, naye akaenda kufungua kitabu kingine.