Samaki Akigoma Kula, Pima Maji Kabla ya Kulaumu Chakula

Watu wa Pwani tumetawanyika. Kuna walimu wetu Bomet, wauguzi wetu Kericho, madereva na makarani wetu katika mashamba ya chai. Mtu akihamia bara hubeba vyake: mbuzi ya kukunia nazi, udi, kanga, na siku hizi hata samaki wa pambo ndani ya chupa. Nazi na udi havidhuriki na baridi. Samaki hudhurika, na mara nyingi mwenyewe hajui.

Nayaandika haya kwa sababu ya samaki mmoja mwekundu anayeishi nyumbani kwa dada yangu, nje kidogo ya mji wa Kericho. Ni wa aina inayoitwa beta, au samaki mpiganaji, ambaye asili yake ni mabwawa na mashamba ya mpunga ya Thailand na nchi jirani. Mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, alinunuliwa Mombasa. Kule alikuwa akimrukia chakula kabla hakijatua. Kericho akagoma. Siku ya kwanza akatema punje, siku ya tatu hakuzitazama, na siku ya sita nikapigiwa simu: "Mjomba, samaki wangu hanitaki tena."

Watu wazima walikuwa na majibu mengi. Mmoja alisema samaki anadeka. Muuza duka akawauzia chakula cha bei zaidi. Jirani akashauri atiwe makombo ya mkate. Maji yakaanza kunuka, na samaki akalala chini kabisa ya bakuli. Hapo ndipo jambo lilipoacha kuwa mchezo wa mtoto, maana beta ni samaki wa juu. Ukimwona amelala chini siku nzima, ujue ana shida.

Mtazame mdomo wake. Samaki anayekula chini ya maji, kama kambare, mdomo wake umeelekea chini. Wa beta umepinda kwenda juu, kwa sababu chakula chake kwa asili ni mdudu aliyeanguka majini na viluwiluwi vya mbu vinavyoning'inia chini ya uso wa maji. Isitoshe, kichwani ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana huvumilia maji yenye hewa kidogo. Kwa hiyo uso wa maji kwake ni sahani, na ni dirisha la kupumulia pia. Punje inayozama haraka humpita. Mkondo mkali wa mashine ya kuchuja maji humfukuza mezani.

Lakini kwa huyu wa Kericho, tatizo la kwanza lilikuwa baridi. Mji ule uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chai inaupenda ubaridi ule na mvua ile, beta haupendi. Anataka maji ya kati ya nyuzijoto 24 na 28, yaani maji ambayo chumbani Mombasa huyapata bila gharama, hata wakati wa kusi. Nilimwambia dada apime maji alfajiri kwa kipimajoto. Yalikuwa nyuzijoto 17.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hufuata maji. Maji yakipoa, tumbo lake husaga chakula polepole, na hamu hukatika. Ukimlazimisha, chakula kinakaa tumboni au kinaoza bakulini. Kwa hiyo samaki yule hakuwa akichagua chakula. Mwili wake ulikuwa haukiwezi.

Wafugaji wa samaki wa huko wanalijua hili vizuri kuliko sisi wenye matangi ya kioo. Tangu serikali ilipochimbisha mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi kuanzia mwaka 2009, wakulima wa nyanda za juu wamejifunza kwamba ngege, au tilapia, hapaswi kupewa chakula asubuhi ya ukungu. Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 20 hamu yake hupungua, na yakikaribia 16 huacha kula. Punje zinazoelea hubaki juu mpaka zilowe na kuharibika, na hizo ni pesa. Mkulima mwenye busara husubiri jua lipande, saa nne au saa tano, ndipo atupe kidogo na kutazama. Wakija mbio anaongeza, wakisita anaacha. Kanuni hiyohiyo inafaa bakuli la mezani.

Basi, hatua tulizozifuata ni hizi, na ndizo ninazompa kila anayeuliza.

Kwanza, joto. Bakuli dogo hupoa upesi usiku, kwa hiyo mhamishie kwenye tangi la lita 15 au 20 lenye kifuniko kinachopitisha hewa. Kifuniko huzuia asiruke nje, na huweka hewa ya juu ya maji vuguvugu. Tia hita ndogo yenye kujizima yenyewe. Kwa lita 20 katika chumba cha baridi, wati 50 zinatosha. Umeme ukipotea, funika tangi kwa blanketi pande zote ukiacha nafasi ya hewa, na weka ndani chupa iliyofungwa yenye maji ya moto. Usimwagie maji ya birika. Joto lipande polepole, nyuzi moja au mbili kwa saa, kwani mshtuko nao huua. Na usimweke karibu na jiko la makaa. Yeye huvuta hewa ya chumbani, na moshi humdhuru.

Pili, maji. Ondoa mabaki yote. Badilisha sehemu ya nne ya maji, usiyabadilishe yote kwa mara moja. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue, na yawe na joto sawa na ya tangi kabla ya kuyatia. Kericho mvua haikosekani, na watu hukinga maji ya paa. Maji hayo matupu yana madini machache mno, kwa hiyo yachanganye na ya bomba.

Tatu, njaa ya kweli. Baada ya maji kupata joto, mwache siku moja bila chakula. Beta mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila kula, kwa hiyo siku moja haitamdhuru.

Nne, chakula kinachotembea. Huyu ni mwindaji, na macho yake yanatafuta mtikisiko. Anza na viluwiluwi wawili watatu wa mbu, waliosuuzwa kwa maji safi. Wengine hutumia artemia, wadudu wadogo jamii ya kamba wanaoishi kwenye maji ya chumvi kali. Hao si wageni kwetu: miaka ya 1980 walipandwa katika mabwawa ya chumvi ya upande wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Mayai yao makavu huanguliwa kwenye maji ya chumvi yenye joto kwa muda wa siku moja hivi, kisha huchujwa na kusuuzwa kabla ya kutiwa tangini.

Tano, mrudishe kwenye punje taratibu. Akishakula viluwiluwi siku tatu nne, tanguliza punje moja inayoelea akiwa na njaa, ndipo umpe kilicho hai. Iguse punje kwa ncha ya kijiti ili itikisike kama mdudu. Mlishe pembe ileile, saa ileile. Ukitia mrija mwembamba uliokunjwa duara ukaelea juu ya maji, chakula kitakaa ndani ya duara hilo na hakitaenda na mkondo. Mara mbili kwa siku, punje mbili hadi nne, basi. Tumbo lake ni dogo. Kisicholiwa ndani ya dakika chache kitolewe. Mkate, wali na ugali si chakula chake.

Siku ya pili baada ya maji kufika nyuzijoto 26, samaki alipanda juu. Siku ya tatu alimkamata kiluwiluwi. Punje aliikubali baada ya wiki na zaidi, na mpaka leo akipewa kubwa huitema mara mbili ndipo aimeze. Hiyo si jeuri. Mdomo wake ni mdogo, ivunje nusu.

Sasa nionye kuhusu mbu. Msomaji wa Mombasa, Kilifi au Lamu asiweke ndoo ya maji uani kwa kisingizio cha kulisha samaki. Tumeona dengi mwaka 2013 na 2014, na chikungunya mwaka 2017 na 2018. Kwenye joto letu kiluwiluwi huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Ukifuga, funika ndoo kwa chandarua chenye matundu madogo, chuja kila siku, na mwaga kila kilichobaki. Wala usichote kwenye mtaro wenye mafuta au dawa. Samaki atakula sumu hiyohiyo.

Na ikiwa maji yana joto, ni safi, chakula kiko hai, na bado hali? Tazama mwili. Madoa meupe kama chembe za chumvi, mapezi yaliyobanwa, tumbo lililovimba au magamba yaliyosimama ni dalili za maradhi. Hapo kubadilisha chakula ni kupoteza muda. Muulize afisa wa uvuvi wa kaunti au daktari wa mifugo.

Dini yetu imetufundisha habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Mnyama aliye porini hujihangaikia. Uliyemtia kwenye kioo hana pa kwenda, joto lake na riziki yake vimepitia mkononi mwako. Kwa hiyo anayepanga kumnunulia mtoto samaki, hasa kama mnahamia kwenye baridi, anunue kipimajoto siku hiyohiyo. Bei yake ni ndogo kuliko ya mkebe wa pili wa chakula ambacho samaki hatakigusa.