Unarudia GRE? Hofu Ianze Kupungua Machakos, Si Nairobi

Huenda ni wewe, au ni bintiyo, au ni mpwa wako aliyehitimu Chuo Kikuu cha Machakos na sasa anatafuta nafasi ya kusomea shahada ya uzamili huko Marekani. Mtihani wa GRE aliufanya mara moja, alama zikawa haba, na sasa inambidi aurudie. Ukoo mzima unajua. Shangazi alichanga, mjomba akauza mbuzi. Ada ya mtihani huo ni zaidi ya dola 200, yaani zaidi ya Sh25,000, na haipunguzwi kwa sababu mtu anarudia.

Hofu ya anayerudia si ile ya mara ya kwanza. Safari hii mtihani anaujua. Anachoogopa ni kurudi nyumbani na alama zile zile na kumtazama shangazi usoni. Mzigo huo akiingia nao chumbani, hesabu aliyokuwa akiifanya vizuri jana itamtoroka.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza kama mtihani wenyewe bado unatakiwa. Tangu janga la korona la 2020, vyuo vingi vya Marekani vimeacha kuudai, na katika chuo kimoja idara hii huweza kuutaka ilhali jirani yake haiutaki. Soma masharti ya idara unayoiomba. Huenda pesa za shangazi zikabaki mfukoni.

Ikiwa ni lazima uurudie, zijue kanuni, kwa maana nusu ya wasiwasi hutokana na uvumi. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, na hadi mara tano katika muda wa miezi 12. Alama hudumu miaka mitano. Tena ni wewe unayechagua alama za siku gani zipelekwe chuoni, na ripoti itaonyesha hizo ulizochagua tu. Ile siku mbaya ya mara ya kwanza inaweza kubaki siri yako. Basi hakuna haja ya kukimbilia siku ya 22 kana kwamba dunia inafungwa.

Halafu keti na kalamu uandike kilichokuangusha. Je, muda uliisha? Misamiati ilikushinda? Ama ulisahau asilimia, wastani na pembetatu ulizofunzwa sekondari? Kama ni hilo la mwisho, usijidanganye kuwa ulikuwa na woga. Hiyo ni hesabu, na dawa yake ni vitabu. Watayarishaji wa mtihani hutoa majaribio mawili kamili ya kompyuta bila malipo. Yafanye kwa kufuata saa, watoto wakiwa nje na simu ikiwa imezimwa.

Kuna jambo moja ambalo huwavuruga wengi, hata walioiva. Tangu Septemba 2023 mtihani huchukua muda usiofika saa mbili: insha ya dakika 30, kisha sehemu mbili za lugha na mbili za hesabu. Katika lugha, na vivyo hivyo katika hesabu, ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, kompyuta hukupa sehemu ya pili iliyo ngumu zaidi. Sasa mtahiniwa anakutana na maswali magumu, anadhani ameharibu, jasho linamtoka. Kumbe ugumu huo ni dalili njema! Swali likikukatalia, liwekee alama uendelee na mengine, kisha ulirudie kabla sehemu hiyo haijafungwa. Usiache swali lolote wazi, kwani jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Na moyo ukianza kudunda? Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na watafiti wenzake walichapisha utafiti uliofanyiwa wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa GRE hiyo hiyo. Baadhi yao waliambiwa kwamba moyo kwenda mbio hakuharibu mtihani na huenda hata kukasaidia. Hao walipata alama bora za hesabu katika zoezi, na hata baadaye katika mtihani wenyewe. Kundi lilikuwa dogo, lakini mimi naona lina funzo kuliko ile amri ya "tulia!" tunayowapigia watoto wetu. Nani aliyewahi kupata usingizi kwa kuamrishwa alale? Jiambie kuwa mwili unajiandaa kwa kazi, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, kisha soma swali.

Tangu 2020 imewezekana pia kuufanya mtihani huu nyumbani. Ni lazima uwe peke yako chumbani, msimamizi akikutazama kwa kamera, na mtu yeyote asiingie. Ukikumbuka jinsi stima inavyoweza kupotea mvua ikinyesha, na jinsi mlango unavyoweza kufunguliwa na mtoto anayetafuta kiatu, heri uende Nairobi. Ni kama kilomita 65 tu, lakini msongamano wa Mlolongo na Barabara ya Mombasa hauna huruma na mtahiniwa. Lala kwa jamaa usiku wa kuamkia siku hiyo, ama upande matatu ya alfajiri. Hakikisha jina ulilojisajili nalo linalingana kabisa na la kwenye pasipoti. Saa ya mkononi huachwa nje, kwa hivyo zoea mapema kutazama saa iliyo kwenye skrini.

Mwishoni kompyuta itakuuliza, kabla hujaona chochote, kama unataka alama zako zihesabiwe au zifutwe. Amua hilo ukiwa bado Machakos. Zikubali tu, maana utachagua baadaye utakazopeleka. Zile za lugha na hesabu zitatokea papo hapo.

Na tarehe ya mtihani usiitangaze kwa ukoo wote. Mwambie mama peke yake, na mwafikiane kwamba ni wewe utakayempigia ukishapanda matatu ya kurudi Machakos, asije akaanza kukupigia tangu saa nne asubuhi.