Mtumwa Asiyeiacha Asili Yake

"Mwacha asili ni mtumwa," husema wahenga wetu, na methali hiyo tumeisikia tangu tukiwa chuoni kwa mwalimu. Lakini je, ndugu msomaji, yule aliyefanywa mtumwa kwa nguvu, akavushwa bahari angali mtoto, kisha baada ya miaka thelathini akasimama mbele ya karani wa kigeni na kumtajia jina la babake na nchi aliyozaliwa, huyo naye tuseme aliiacha asili yake? Au ni sisi tuliobaki nyumbani ndio tulioiacha?

Hapa kwetu mwambaoni nasaba si pambo. Mtu akija kuposa, kabla ya kuulizwa kazi yake huulizwa ni mtoto wa nani. Vitabu vya fiqhi ya Kishafi vinapozungumza juu ya kufu katika ndoa huitaja nasaba miongoni mwa mambo ya kutazamwa. Mirathi nayo haigawiki mpaka ijulikane nani kazaliwa na nani. Na juu ya hayo yote upo wajibu wa kuunga udugu, na huwezi kuunga udugu na mtu usiyemjua.

Wenye bahati ni wale ambao nasaba zao ziliandikwa. Masharifu wa Ba Alawi huhesabu mababa zao mpaka kwa Ahmad bin Isa, aliyehama Basra katika karne ya 10 akaishia Hadhramaut. Mufti wa Tarim, Sayyid Abdulrahman Al-Mashhur, aliyefariki mwaka 1902, alizikusanya nasaba hizo katika kitabu kiitwacho Shams al-Dhahira. Huko Jakarta, Indonesia, jumuiya ya Rabithah Alawiyah iliyoanzishwa mwaka 1928 ina ofisi maalumu ya kuandikisha nasaba. Hivyo sharifu wa Lamu na sharifu wa Jakarta, hata kama hawasikilizani lugha, waweza kukutana katika ukurasa mmoja.

Lakini vitabu vya namna hiyo aghalabu hufuata mashina ya kiume. Na sisi wengine, tusio na mufti wa kutuandikia, tuna nini?

Mimi upande wa baba nahesabu majina saba bila kigugumizi. Upande wa mama mambo ni mengine. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pemba, akaolewa Mombasa. Ilipokuwa ikisomwa hitima ya wazee, na majina yakitajwa mmoja mmoja ili thawabu ziwafikie, lilikuwapo jina moja ambalo hakukubali litiwe katika orodha ya maiti. Ni la mjomba wake, kakake mama yake. "Huyo hatukumzika sisi," alikuwa akisema. Huko Pemba ilikuwapo mikarafuu minne iliyoitwa kwa jina la mjomba huyo, na kwa miaka mingi karafuu zake ziliwekwa mbali na za wenzake. Jina lenyewe nalihifadhi, maana jamaa wapo na wana haki ya siri yao. Yatosha kusema ni jina la siku, kama vile Juma au Hamisi.

Alichukuliwa ufuoni akiwa na umri wa miaka kumi hivi, katika miaka ya 1890.

Msomaji ataniuliza: je, si biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku? Naam, ilikuwa imepigwa marufuku. Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa kupakiwa baharini tarehe 5 Juni, 1873. Lakini magendo hayakukoma. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalirudi Arabuni kwa upepo wa kusi, na wazee walikuwa wakiwaonya watoto wasicheze ufuoni siku majahazi yanapojitayarisha kutweka, kwani tende na halua zilikuwa chambo. Tena majahazi mengine ya Sur yalipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Kiingereza zisiyapekue, mpaka shauri hilo likapelekwa mbele ya waamuzi wa The Hague na kukatwa mwaka 1905. Huko Ghuba walihitajika watu wa kupiga mbizi za lulu na wa kufanya kazi katika mashamba ya mitende. Hiyo ndiyo njia aliyopitishwa mjomba wa bibi yangu, na huko ndiko nilikoanza kumtafuta.

KARATASI ZA GHUBA

Waingereza walikuwa na mwakilishi wao mkuu Bushehr, pwani ya Uajemi, na ofisi ndogo Sharjah, Bahrain na Muscat. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtumwa aliyetoroka na kufika katika ofisi hizo aliweza kuandikwa maelezo yake, na akikubaliwa hupewa hati ya uhuru. Wengi walikuja katika miaka ya 1920 na 1930. Soko la lulu lilikuwa limeanguka kwa sababu ya lulu za kukuzwa za Kijapani na dhiki ya uchumi duniani. Njaa iliingia majahazini na majumbani, na mtumwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kukosa chakula.

Majalada ya ofisi hizo yalipelekwa London, na leo yamo katika British Library. Tangu mwaka 2014 sehemu kubwa yake imetiwa katika intaneti na Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, na kuyasoma hakuna malipo. Kwa hivyo mtu aliyekaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, aweza kufungua jalada lililoandikwa Sharjah kabla babake hajazaliwa.

Nami nikayafungua, usiku baada ya usiku, nikisha swali Isha. Maelezo hayo ni mamia, na moja aghalabu halizidi ukurasa. Kwanza jina la mtu na jina la babake. Kisha umri wa kukisia, na mahali alipozaliwa. Halafu kisa: nani alimwiba, nani alimnunua, amehudumu kwa nani, na kwa nini amekimbia. Mmoja atasema ni njaa, mwingine ni kipigo, mwingine ametenganishwa na mkewe. Mwisho huwa ni ule ule: anaomba hati ya uhuru. Maneno ni makavu kama ya mahakamani, lakini ukiyasoma ishirini kwa usiku mmoja hulali.

Sasa tazama ugumu wake. Mtoto aliyeitwa Juma nyumbani kwao, akishauzwa aliweza kupewa jina jingine, Mubarak au Marzuk au Almas, majina ya heri waliyopewa watu wasiokuwa na heri. Mahali pa kuzaliwa huandikwa "Zanzibar," na kwa watu wa Ghuba neno hilo laweza kuwa Unguja yenyewe, au Pemba, au popote mwambaoni. Mara nyingine huandikwa "Sawahil" tu, basi. Isitoshe, maneno ya mtu yalipita katika Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza, na Kiarabu hakina herufi ya P wala CH. Anayeitafuta Pemba hana budi kuitafuta kwa B pia, na akumbuke kwamba Waarabu walikiita kisiwa hicho Al-Khadhra, yaani cha kijani.

Jambo moja tu aghalabu halikubadilishwa, nalo ni jina la baba, kwa kuwa alilitaja mtumwa mwenyewe. Lakini baba wa mjomba huyo alikuwa na jina walilo nalo wanaume mia katika kila mtaa. Nikajikuta nina watu kadhaa, na kila mmoja aweza kuwa yeye, na kila mmoja aweza asiwe yeye. Nikaona kwamba lingenifaa jina la mama. Karani hakulazimika kuliuliza, lakini mara kwa mara mama huingia katika kisa: mama alikufa, mama alikuwa mtu wa mahali fulani, niliibwa nikienda kwa mama. Nikauliza nyumbani jina la mama wa mjomba, na hakuna aliyelijua.

JINA LA MAMA

Nikavuka mpaka Pemba kwa mama mkubwa, binamu yake mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka tisini. Baada ya shikamoo na habari za huku na huko nikamweleza haja yangu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Hilo mwanangu lilifunikwa. Waliolifunika wamekufa, na mimi karibu nitawafuata. Basi sikiliza."

Akanitajia jina. Akaniambia kwamba mwanamke yule hakuwa mke wa ndoa bali suria wa mwenye shamba. Alikuwa Mnyasa, aliyeletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa akiwa msichana. Alizaa watoto wawili: mwana aliyechukuliwa na bahari, na binti aliyekuja kuwa mama yake bibi yangu. Yaani mwanamke huyo ambaye jina lake lilifutwa, sisi sote tumetoka kwake.

Hapo nikafahamu kwa nini mlango ulikuwa umefungwa. Karatasi za London hazikuwa na haja ya jina lake, na sisi wenyewe tuliliona ni aibu. Ikawa alama ambayo ingeweza kumtambulisha mwanawe haikuandikwa kule wala huku.

Si jamaa wote waliofurahi. Ami mmoja aliniambia niache kufukua, kwani nyumbani kuna mabinti wa kuozwa. Simlaumu. Anaujua mji wetu, na maneno ya barazani huweza kuvunja posa njema. Lakini tuyapime mambo kwa mizani yake. Katika sheria, mtoto wa suria aliyekubaliwa na babake ni huru, na hurithi kama ndugu zake. Mama naye, akishamzalia bwana wake, huwa huru bwana akifa. Basi mtoto yule hakuwa mtumwa hata siku moja mpaka alipotiwa jahazini. Aliibwa mtoto huru, Mwislamu, mwenye fungu lake katika shamba la babake. Hata Sayyid Barghash, yule yule wa mkataba wa 1873, alizaliwa na suria wa Kihabeshi, na hatujasikia nasaba yake ikidharauliwa kwa hilo.

Aibu, kama ipo, ni ya aliyeuza na aliyenunua. Amri ya mwaka 1897 iliyoiondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, wakangoja mpaka mwaka 1909. Nyanya huyo wa bibi yangu alisahauliwa na sheria, akasahauliwa na karani, kisha akasahauliwa na wajukuu zake. Sioni kwa nini nami niongeze kusahau kwangu.

Mjomba sijampata. Lakini sasa namtafuta kwa alama nne badala ya moja: jina la baba, jina la mama, kabila la mama, na bandari ndogo ambayo mama mkubwa anasema ndiko alikochukuliwa. Maelezo mawili niliyokuwa nimeyatenga nimekwisha yaondoa, kwa kuwa hayapatani na alama hizo. Hilo nalo ni faida, maana kumwita baba wa wenzako mjomba wako si kuunga udugu.

Ndugu msomaji, huenda nawe kwenu pana jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Njia za kutafuta zipo. Waliochukuliwa Ghuba wametajwa katika majalada niliyoyaeleza. Waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza walishushwa Aden, Bombay, Ushelisheli na Freretown hapa Mombasa, na huko nako makarani waliandika. Lakini kabla ya kufungua karatasi ya ng'ambo, chukua kalamu uende kwa shangazi, kwa bibi, kwa somo wa bibi. Muulize jina la mama na la mama wa mama, jina la utani, kijiji, bandari, na msimu alipoonekana mara ya mwisho. Usimharakishe, na usimwonee haya kwa atakalokwambia.

Karatasi za London zimengoja karibu miaka mia, na zaweza kungoja tena. Mama mkubwa wako hawezi.